Kijani cha Mkia wa Ndege

Mujukuu wangu Mireille,

Wote hapa Kikula tunakusalimu. Dada yako amezaa mapacha! Umeniuliza nani alinifundisha kuchora. Ni mzee mmoja Mholanzi wa Kapolowe, aliyechora mimea na ndege, jirani yetu nilipokuwa tayari mama wa watoto. Miaka ile ya tisini, viwanda viliposimama, rangi zilikosekana madukani. Rangi ya kijani ikamwishia mzee, na ndege aliyekuwa akimchora bado hana mkia, naye akafunga sanduku la rangi, akasema haanzi tena mchoro wowote. Nikamletea jiwe la kijani kutoka mgodi wa shaba wa Kamatanda. Tukalitwanga likawa unga, tukalichanganya na kiini cha yai.

"Papa, ona, rangi iko!" nikamwita mzee kwa kelele.

Akanipa brashi. "Basi mkia utapaka weye."

Nilipaka mkia mpaka nchani. Mzee alicheka mpaka machozi, kisha akaomba jiwe lingine, aanze kuchora majani ya mihogo.

Ni minye, bibi yako, Kambo Léonie