Sala ya Jioni Kwetu

Nsemulwa, Machi 1996

Dada Bernadetha,

Mahindi yamebeba, na kuku uliyenipa ametotoa. Ila mimi sijatulia.

Tangu shemeji yako Enoka auze ng'ombe wetu wa maziwa bila kuniuliza, tunasemeshana kwenye sala ya jioni tu. Yeye anafumba macho: "Bwana, mwondolee Kabula kiburi." Zamu yangu najibu: "Bwana, mkumbushe Enoka nyumba hii ina watu wawili." Watoto wanaitikia amina.

Jana nilishafunga mzigo na kuuweka mlangoni, nije kwako Kabungu. Zamu yangu ilipofika, nikanyamaza. Enoka akafumbua macho.

"Mama Mwandu, una nini?"

Dada, ameniuliza mimi, siyo Mungu!

Mwambie kaka Malale asije kunichukua kwanza. Mzigo sijaufungua, lakini nimeuondoa pale mlangoni.

Mdogo wako,
Kabula