Mama Anataka Dondoo

Alhamisi, Mtwara. Joto limekaba tangu asubuhi, blauzi imenigandia mgongoni, na leo sijali kabisa.

Nilikuwa na usaili wa kusoma habari kwenye redio moja hapa mjini. Nafasi hii nimeihangaikia tangu nimalize chuo, na nilijiapiza kwamba wakinikataa tena, narudi nyumbani Naliendele kubangua korosho na mama.

Mhariri, dada mmoja asiyecheka, alinipa rekodi ya mkutano wa wakulima wa korosho, mrefu mpaka unasinzia. "Nitolee dondoo," akasema, akaondoka.

Dondoo. Chuoni nililijibu kwenye mtihani: sehemu chache zilizochaguliwa kutoka kwenye maneno marefu. Kila siku tunasikia dondoo za magazeti, dondoo za hotuba ya Ijumaa. Lakini mimi neno hili nimelijulia jikoni kwetu. Baba akirudi kutoka mkutano wa chama cha msingi cha wakulima, huanzia kwenye dua ya ufunguzi, aje kwa aliyechelewa, aje kwa waliogombea kiti. Mama, mwiko mkononi, humkatiza: "Baba Salma, dondoo tu. Malori ya kubeba korosho yanakuja lini?"

Baba hununa. Halafu husema malori yanakuja lini.

Basi leo nikausikiliza mkutano ule kwa masikio ya mama. Hotuba ya mgeni rasmi niliiacha yote. Nikachukua siku ya mnada, ghala litakalopokea mzigo, na yule bibi aliyeuliza mbona magunia hayajafika. Mhariri aliporudi, nikamsomea. Akaniuliza kama naweza kuanza Jumatatu.

Mimi, Jumatatu, redioni!

Nilimpigia mama nikiwa bado getini. Baada ya shikamoo nikaanza: bodaboda ilivyozimika njiani, mlinzi alivyonigomea, kiti cha mapokezi kilivyokuwa kibovu.

"Salma," akanikatiza. "Dondoo."

"Nimepata, mama."

Nikasikia sufuria inaanguka, kisha vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Mlinzi alinitazama, na mimi machozi yananitoka.

Mama aliporudi kwenye simu alikuwa anahema. "Haya, mwanangu. Sasa nieleze yote. Usiniachie hata neno."

Nikaanza upya, kwenye bodaboda, kama baba.