Ile Nati Hukuikaza Wewe

Mugisho, ndugu yangu,

Tulikuzika vizuri, usiwe na wasiwasi. Mvua ilimsubiri padri amalize, ndipo ikashuka, na sisi tukashuka nayo hadi Kadutu, tope mpaka magotini. Mke wako, Mama Nabintu, alilia kwa heshima. Mimi nililia ovyo tu, kamasi na yote. Ungenicheka mpaka ushike mbavu.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya machozi. Nakuandikia kwa sababu walitaka kukuzika mara ya pili, na mimi nikakataa.

Matanga yalikuwa hayajaisha, watu bado wanalala kwako juu ya mikeka, habari ikafika kutoka upande wa Mwenga. Lile lori la Patron, tajiri mwenye malori tunayotengeneza, lile ambalo magurudumu ya mbele nayo yanavuta, limeingia mtaroni likitoka Kamituga. Gurudumu la mbele la kushoto lilikataa kuzunguka katikati ya mteremko. Hakufa mtu, Mungu ni mkubwa, ila mapipa ya mawese yalibingirika hadi mtoni. Na moyeu ya gurudumu lile, kile kitovu chake cha chuma kinachobeba kila kitu, uliifungua wewe kwa mikono yako, muda mfupi kabla malaria haijakulaza.

Unaijua desturi ya mafundi wa mji wetu: kosa ni la aliyefungua wa mwisho. Gari likikohoa, unauliza ni nani aliyeligusa kabla yako, kisha unatikisa kichwa kama daktari. Tumefanya hivyo wote. Mara hii aliyefungua wa mwisho alikuwa chini ya udongo mbichi, hawezi kujibu. Haikuchukua muda, soko zima la Kadutu likawa linajua kwamba Mugisho aliacha nati imelegea kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa homa. Hata wanawake wanaouza ndagala walikuwa wanaieleza hiyo nati, wao ambao hawajawahi kuiona.

Patron alitoka kwake Nguba akaja mwenyewe hadi garage yetu sisi wawili. Hakupiga kelele. Aliweka mkono begani kwangu, akaniita mwananchi kwa lile neno la serikali: "Citoyen, mufu hana kazi tena. Weye iko na kazi. Sema tu ni yeye, camions zangu zitabakia kwako." Malori yake yote, yaani.

Alitaka niseme mbele za watu, siku ya kumaliza matanga, pale kaka yako mkubwa atakapouliza kama kuna mwenye neno na marehemu. Baada ya siku ile, unajua, neno halifufuliwi tena. Lingekuwa limeandikwa juu yako mpaka mwisho wa dunia.

Mugisho, nilifikiri. Malori ya yule mtu ndiyo yaliyokuwa yanatulisha sisi wawili, na sasa nimebaki na nyumba mbili za kutazama, yangu na yako. Kisha nikamwona mwanao wa kwanza akichota maji ya wageni, nikajiuliza huyu ataitwa nani. Mtoto wa yule fundi aliyetaka kuua watu? Hapana. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nikachukua kriki ya kunyanyulia, nikachukua sanduku letu la spana, nikapanda lori la watu wa mihogo, nikaenda Mwenga kuiangalia hiyo moyeu kwa macho yangu. Wajomba zako walisema nakikimbia kilio. Waache waseme.

Nilipofika nilifanya kama tulivyozoea. Nilinyanyua upande ule kwa kriki, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa. Kama nati ingekuwa imelegea, lingegonga, kok-kok, tungelisikia wote waliosimama pale. Halikugonga. Nikajaribu kulizungusha, likagoma kama punda. Nikaanza kufungua, na nati yenyewe haikutoka mpaka nilipounganisha bomba refu kwenye spana na kuning'inia juu yake kwa uzito wangu wote. Nati iliyolegea gani hiyo?

Ndani, ndugu yangu, ungetukana. Grisi ilikuwa imeungua, imeganda nyeusi pembeni kama ukoko wa bugali. Na rulema, vile vigogo vidogo vya chuma ambavyo gurudumu linatembea juu yake, ilikuwa imegeuka bluu. Mimi na wewe tumeziona rulema za kila namna. Iliyoingiwa na maji ya mto, grisi yake inakuwa kama chai ya maziwa. Iliyolegea inapigwa-pigwa, inajaa vishimo. Ya bluu ni moja tu: imebanwa mpaka ikakosa pumzi, ikaungua yenyewe kwa yenyewe. Ulikuwa ukisema, "Chuma haisemake bongo," chuma hakisemi uongo. Nilisimama barabarani pale na kile chuma mkononi, nikacheka peke yangu, watu wakadhani kilio kimenipanda kichwani.

Kwa sababu wewe hukubana hivyo hata siku moja. Ulikaza huku unazungusha gurudumu, likianza kuwa zito unarudi nyuma kidogo, kidogo tu, unasema unaiachia nafasi ya kupumua. Kisha unakikunja kile kibati cha kuzuia nati, mara moja, kibati kipya kila siku, maana kilichokunjwa mara mbili kinavunjika. Kibati nilichokikuta kilikuwa kimekunjuliwa na kukunjwa tena kwa patasi, kimetafunwa kama kimeliwa na panya. Kuna mtu alifungua baada yako.

Dereva, Birindwa, alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na lori, mtu mzima yule, hatazami juu. Nikamwonyesha kibati. Hakubisha hata kidogo. Akaniambia, "Papa, ni muzee Mugisho alitumaka neno na chauffeur mwenzangu: ambia Birindwa afunge moyeu mbele ya kufika mu mapotopoto. Basi nilifunga."

Funga moyeu! Ee Mugisho! Umelala kitandani unatetemeka, bado unafikiria matope ya watu, na unatuma neno moja. Wewe na mimi tukisema funga moyeu, tunajua: shuka, zungusha kile kishikio kidogo katikati kwa mkono, magurudumu ya mbele yaanze kuvuta. Mtoto anaweza. Lakini Birindwa alikuwa mgeni kwenye lori la namna hii. Kwake kufunga ni kufunga kwa spana. Alitafuta fundi wa njiani kule Kamituga, wakaifungua moyeu, wakaikuta nati imeachiwa nafasi, wakasema ee, kumbe ndiyo maana muzee ametuma neno. Wakaibana mpaka ikalia. Kwa heshima yako, Mugisho! Walikutii mpaka wakaichoma.

Nilikukasirikia, nataka ulijue hilo. Ulikuwa mkarimu wa kila kitu, chakula, tumbako, shati la mgongoni, lakini maneno ulikuwa bahili nayo. Ungeongeza neno moja tu, "kwa mkono." Moja! Nimekutukana njia nzima kutoka Mwenga hadi Walungu, na nilipomaliza kukutukana nilikuwa nalia tena. Neno lilikuwa lako, lakini mkono haukuwa wako, na mtu mgonjwa anayewaza usalama wa wengine hastahili kusemwa vibaya.

Siku ya kumaliza matanga, kaka yako aliuliza kama desturi. Patron alisimama, akasema kwa huzuni nzuri kwamba hadai kitu, anataka tu ukweli ujulikane, na mshirika wa marehemu atausema. Wote wakanigeukia. Nikaweka rulema ya bluu mezani, kati ya vikombe vya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, nikasema, "Hii haikulegea. Hii ilibanwa. Mugisho hakubanaka hivi." Nikaeleza yote kuhusu lile neno. Jina la aliyebana sikulitaja. Yule naye ana watoto.

Patron akasema hayo ni maneno ya mafundi wanaolindana. Wengine wakaanza kunung'unika, na niliona kwamba chuma peke yake hakitoshi, watu hawajui kusoma bluu. Ndipo Birindwa akainuka kule nyuma karibu na mlango, kofia mkononi. "Ni miye. Nilisikia mubaya, nikakaza. Muzee hakukosaka." Akaketi. Mama Nabintu alipiga kigelegele kimoja, kigelegele kwenye matanga, mpaka padri akashtuka.

Birindwa alifukuzwa kazi palepale. Malori ya Patron yameenda kwa fundi mwingine, na yako huko mpaka leo. Sitakuficha, kuna siku tunakula sombe, majani ya muhogo, kavu bila mawese. Birindwa sasa yuko nami, anapaka grisi mpaka viwikoni, na hapa kwetu nati inakazwa, kishikio kinafungwa, atakayechanganya maneno hayo anarudi nyumbani. Mwanao anakuja akitoka shule. Hajabebeshwa aibu yoyote.

Na nimefanya jambo moja zaidi. Nimenunua rangi nyeupe, nimeandika jina lako kwenye ukuta wa garage, upande wa barabara, kubwa kuliko langu. Nimeandika na lile la ubatizo ambalo serikali ilitukataza, Faustin, lote, kwa herufi nene. Mtu wa chama alikuja kuniuliza Faustin ni nani katika nchi hii ya authenticité, ya majina ya mababu peke yake. Nikamjibu, "Iko kaburini, citoyen. Muende mumuulize." Aliondoka. Labda atarudi na wenzake. Arudi.

Pumzika, ndugu yangu. Mvua ikilifuta jina, nitalipaka tena, na mkono wangu ukichoka, atalipaka mwanao. Malori ya Patron yakishuka kutoka Kadutu hayana njia nyingine ya kupita, na yeye huketi mbele, upande wa dirisha. Kila asubuhi anakusoma.