Vidonge Miguuni pa Mtakatifu Antonio

Baní, Jumapili

Kaka Wilkin,

Pokea salamu zetu. Afya yako sina haja ya kuiuliza. Majirani hunionyesha picha zako huko hotelini unakofanya kazi, umenawiri. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sisi tunajikongoja. Tangu kile kiharusi Mama anaburuta mguu, mdomo umepinda kidogo, lakini ulimi ni ule ule. Juzi alisema ndizi zangu za kuponda zinafaa kupigia ukuta lipu.

Daktari alisema wazi kwamba dawa ya presha na ile ya kuzuia damu isigande ni za kila siku. Akiziacha kitakuja kiharusi kingine, na cha pili huwa hakina huruma. Basi kila asubuhi nampa vidonge, anatia mdomoni, anashushia maji. Nikajiona muuguzi hodari. Lakini kila tukienda kupima, presha iko juu, na daktari ananitazama mimi.

Jana nilikuwa nafuta vumbi kwenye altare ya Mama hapa nyumbani. Wilkin, hebu sikia. Sanamu ya Mtakatifu Antonio kaisimamisha kichwa chini, kama wafanyavyo wanaomshurutisha atimize ombi, na nyuma yake ipo glasi ya vidonge vilivyotemwa, vimeyeyuka na mate vikawa uji, mende wamefia humo. Inanuka, we! Nikafoka kwamba Doña Eulalia wa jirani ndiye aliyemfundisha uchafu huu. Eulalia, aliyekuja mbio kusikia kelele, akaapa si yeye. Yeye alimshauri awashe mshumaa tu.

Mama akanijibu taratibu, "Mtakatifu hapewi kitu usichokihitaji. Nampa kinachoniuma kukitoa."

Nikamuuliza anaomba nini hata auze uhai wake. Eulalia ndiye aliyeropoka: anaomba wewe urudi, au walau aisikie sauti yako.

Hapo nikachefuka upya, na safari hii si kwa sababu ya mende. Umenitia kinyaa, kaka yangu. Basi la kutoka huko hufika hapa siku hiyo hiyo.

Glasi nimeiosha. Sanamu, Mama amenikataza kuigusa. Amekubali jambo moja tu: akikusikia, atameza mbele yangu na kunifungulia mdomo nione. Piga asubuhi, kabla hajanywa kahawa. Mwambie, "Meza, Mama." Kesho yake piga tena, na keshokutwa. Dawa zake ni za kila siku, na simu yako iwe hivyo hivyo.

Eulalia anakusalimu. Mimi salamu zangu nimezizuia mpaka simu ilie.

Dada yako,
Yocasta