Sukari ya Kidoleni

Shikamoo, Babu.

Huku Mji wa Kale joto halipungui hata alasiri, na nyumba ya shangazi haikosi wageni. Jana alikuja jirani yake, Daktari Rukia, ambaye miaka yote hutafiti vipimo vinavyotumia vitu vya viumbe hai kutambua sumu, uchafu wa maji, hata sukari. Tulikula halwa kwa kahawa chungu. Niliona haya, lakini nikamuuliza kimashine cha kupimia damu kama chako huijuaje sukari.

"Lete kidole," akasema.

"Mgeni wangu huyo, usimmalize damu," shangazi akamtania.

Daktari akanidunga kwa kimashine chake. Namba ikapanda kushinda hata yako. Akanituma nikanawe kwa sabuni, akapima kidole kile kile, na sasa nikawa mzima kabisa.

"Kwenye kijikaratasi hiki cha kupimia pana kimeng'enya kilichotolewa kwenye kuvu," akanieleza. "Kinaijua sukari tu, mwanangu. Hakijui kama imetoka kwenye damu au kwenye halwa."

Hapo nikakukumbuka, Babu. Siku ile nilikupima ukiwa umetoka tu kutumenyea mananasi. Namba ilipopanda, uliapa hujaonja kitu, nami nikamwambia mama unatudanganya. Tangu hapo anatembea na ufunguo wa kabati la sukari.

Nimeshampigia simu. Atakupima upya ukishanawa. Lakini radhi ni mimi wa kukuomba, kwa mkono wangu. Na hata namba ikitoka kubwa, nakuamini.

Mungu akutunze, Babu yangu. Shangazi anakuamkua.

Mjukuu wako,
Saumu