Mama, Ndiema Anatoka Kapsokwony

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Goti lile linaendeleaje? Na baridi ya Kitale, bado inakuamsha kabla ya jogoo? Naomba Mungu barua hii ikupate umeketi, umekunywa chai, na hakuna mtu wa kukuharakisha. Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo imekauka kwa sabuni, kwa sababu hapa hotelini bado niko kwa dobi, na shuka za wageni haziishi.

Haya ninayotaka kukuambia sikutaka kuyasema kwa simu. Simu ikikatika katikati, utabaki na ile nusu mbaya. Tena nakujua, ukikasirika unaizima. Barua hata ukiitupa chini, utaiokota.

Nilikuambia mji huu wa Afrika Kusini uko pwani, lakini sikukueleza vile umebanwa. Mbele ni bahari, nyuma ni mlima, na nyumba zimejipanga katikati kama vikombe kwenye rafu. Njia za miguu ziko kila upande, na wageni wanatoka mbali kuja kuzitembea tu, asubuhi waende, jioni warudi, bila kutafuta kuni, bila kwenda kumwona mgonjwa. Mwanzoni nilicheka. Nikamwambia Thandeka, mwenzangu wa kufua, "Kwetu mtu akipanda mlima, kuna kitu amefuata."

Akasema, "Jumatatu hatuna kazi. Njoo ujue wanafuata nini."

Nikaenda. Njia ya kwanza inapita kandokando ya bahari, juu ya mawe, tambarare kabisa, hata wewe ungeiweza. Ya pili inaingia msituni, bondeni, mpaka kwenye maporomoko. Maji ya huku ni mekundu kama chai ya strungi, lakini ukiyateka kwa kiganja unaona ni safi. Nilinawa uso pale, Mama, nikasikia kifua kimefunguka. Tangu tuhame shamba la mlimani sikuwa nimesikia tena maji yakishuka kwenye mawe.

Jumatatu ya tatu Thandeka alialika kijana mmoja wa hotelini, anayewabebea wageni chakula cha mchana wakipanda. Nilijua ni Mkenya, maana siku moja nilijisahau nikamwomba mpishi "sukali", kijana huyo akacheka huko nyuma akasema, "Huyu ni wa Bungoma kabisa!" Wenyeji wanamwita Kenya, na mimi pia wananiita Kenya, basi jina lake sikuwa nimeliuliza.

Siku hiyo tulipanda mpaka mgongoni mwa mlima. Kuna mahali pa ngazi ya chuma, unashika tu, hutazami chini. Tulipofika juu, upepo ulitaka kunivua kitambaa. Bahari yote ilikuwa chini yetu, ikaenda mpaka ikakutana na mbingu. Kijana akasema kama mtu anayejisemea, "Ni kama kusimama kwetu ukitazama Bungoma. Ila hapa, Bungoma wameijaza maji."

Nikamwuliza, "Kwenu ni wapi?"

"Kapsokwony. Mimi ni Ndiema."

Mtu wa mlima ule ule wetu, na jina la watu wa wale waliotufukuza! Niliona nyumba yetu ikiungua, na sisi tunateremka gizani na mablanketi. Nilimwona Baba kwenye ile nyumba ya kupanga ya Kitale, amegeuza kiti asiuone mlima, mpaka ukapachika pazia zito dirishani, nalo hujaliondoa hata baada ya kumzika. Ile ngazi niliishuka hata sijui vipi. Baada ya hapo nikimkuta jikoni nilipita kama hakuna mtu. Naye hakunifuata. Nafikiri alijua.

Miezi ikapita hivyo. Thandeka hakuelewa, kwake Mkenya ni Mkenya. Jumatatu moja akatuita wote wawili bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Nilipomkuta Ndiema njiani nilitaka kurudi, halafu nikajiambia, siwezi kufukuzwa mlimani mara mbili. Nikatangulia.

Tulipokuwa juu, wingu likashuka. Huku wingu halitoi habari, linamwagika juu ya mlima kama maziwa yanayofurika jikoni. Mara sioni hata miguu yangu. Nilijua upande wa kushoto kuna korongo refu, lakini kushoto kwenyewe sikukujua tena. Thandeka akaanza kulia. Ndiema akasema, "Tukae chini. Mtu asisogee."

Hapo nikapasuka. "Watu wa kwenu walituambia tuondoke mlimani. Sasa wewe unaniambia nikae?"

Ndiema akauliza, "Nyumba yenu iliungua?"

"Iliungua."

"Na mzee?"

"Alikufa Kitale. Hakuwa na ugonjwa. Alikufa tu."

"Pole, dada." Nikasikia anafungua mkoba. "Kaka yangu mkubwa walimchukua hao hao waliowachomea nyumba. Walikuja usiku wakitaka aingie nao msituni, akakataa. Mpaka leo mama anamwekea chakula. Baba walimpiga, sikio moja halisikii. Mimi nilitorokea mpakani Lwakhakha, nikavuka kuingia Uganda. Sikuambii haya ili tulingane. Nakuambia ukae chini, kwa sababu ukisogea utaanguka, na mimi sitaki kuwa mtu wa kumpigia mama yako simu."

Nikaketi. Sikuketi kwa sababu amenishinda. Niliketi kwa sababu sauti yake ilikuwa inatetemeka kama yangu, na sikuwa nimewahi kufikiria kwamba hata kule juu kuna mama anayengoja mtu asiyerudi. Akatoa chapati baridi, akatugawia kwa kupapasa mikono yetu. Thandeka, ambaye hakuelewa hata neno moja, alitushika wote wawili. Wingu lilipoinuka tukaona ukingo, hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa nimegeuza uso niende. Tulishuka polepole, watatu, na tulipofika chini Ndiema akaniuliza jina langu.

Tangu hapo tumezitembea njia zote za mji huu. Usifikiri ni asali tupu. Kuna siku tulibishana juu ya shamba, nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo, tukarudi mmoja mbele mmoja nyuma, hatusemezani. Jumatatu iliyofuata nilimkuta ananingoja mwanzo wa njia, ameshika chupa ya chai.

Anataka kunioa, Mama. Nami nataka.

Najua Mjomba atasema nimemsahau Baba. Sijamsahau. Nimemwambia Ndiema kila kitu juu yake, hata vile alivyokuwa akiimba vibaya kanisani. Nimemwambia pia kwamba hataanza kwa kutuma wazee. Ataingia mwenyewe, akae mbele yako, akuambie yale aliyoniambia ndani ya wingu, na wewe umwulize lolote unalotaka.

Akaniuliza, "Na akinifukuza?"

Nikamwambia, "Utalala lojing'i pale mjini, kesho yake urudi."

Kwao tayari wanajua. Mama yake aliuliza jambo moja tu, kama mimi ni wa wale waliofukuzwa. Akaambiwa ndiyo. Kisha akasema nikienda kwake niende mchana, nipite katikati ya boma zote, majirani wote wanione naingia mlangoni kwake. Nitaenda, Mama. Naogopa, lakini nitaenda.

Tiketi tumeshakata. Tutafika Kitale kabla ya Krismasi. Sikuombi usahau kitu hata kimoja, na sikuombi ukanyage tena kule. Ukitaka kumkataa, mkatae ukiwa umemwona uso.

Msalimie Mjomba huko Matulo, umwambie asiite mkutano kabla sijafika. Msalimie shemeji wa Bungoma na mtoto wake mchanga ambaye bado sijambeba, na jirani anayekuletea maziwa, na akina mama wa maombi, ila hao usiwasomee barua hii. Mungu akae nawe ndani ya nyumba hiyo.

Usinijibu leo. Lala kwanza, kesho usome tena. Halafu niandikie neno moja tu, njooni, au msije. Ukiandika msije, tutakuja hivyo hivyo, na tutasimama mlangoni mpaka utoke utusalimie.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu