Fomu za Hofu Nilizojaza Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Ndiyo, siku hizi hata hofu ya kuandika inapimwa. Mhadhiri kaja kibandani kwangu, hapa getini mwa chuo, nimtolee kopi mia za fomu. Ukipewa karatasi tupu moyo unakwenda mbio? Mkono unatoka jasho? Chagua moja mpaka tano. Moja huogopi, tano unakaribia kuzirai. Nikamuuliza, mwalimu, na anayeogopa fomu je? Hakucheka. Msomi.

Jumatano, 6 Machi
Fomu zimerudi kwangu! Wanafunzi wananiletea kama nguo za kufua. Anko, nitilie tiki, nawahi kipindi. Nimejaza kama thelathini. Wote nimewapa moja — mashujaa watupu. Nani anataka kuitwa mwoga kwenye karatasi?
Mpwa wangu, binti wa dada, ninayeishi naye, kaleta yake pia. Mjomba, nijazie na mimi. Nikamtania: hata tiki imekushinda? Akaangalia viatu. Nikampa moja, maswali yote ishirini.

Jumanne, 12 Machi
Orodha imebandikwa. Waliopata alama za juu, yaani waoga, mhadhiri atawafundisha mwenyewe taratibu, na insha yao imesogezwa mwezi mzima. Wengine wote, mwisho Ijumaa.
Mpwa hayumo. Kumbe ameshakosa insha mbili. Akikosa ya tatu, chuo kinamfuta.
Kanionyesha daftari lake. Kila ukurasa mstari mmoja, umefutwa mpaka karatasi imetoboka. Na mimi nilikuwa namtania.

Jumatano, 13 Machi
Sijamtania mteja hata mmoja. Wananiuliza kama naumwa.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekwenda ofisini kwa mhadhiri. Nimesema yote nimesimama. Fomu ngapi? Thelathini, labda na zaidi. Akavua miwani. Utafiti wake ndio basi tena.
Akasema, kaka, maneno ya mdomo siwezi kuyapeleka kwenye kikao cha chuo. Niandikie, uweke sahihi, kesho saa mbili asubuhi. Bila hiyo karatasi binti anaondoka. Nikauliza, na kibanda changu? Akasema, hapo siwezi kukuahidi kitu.
Kwa mdomo mimi namuuzia kipara kitana. Lakini barua! Tangu saa tisa nimekaa nayo, mkono jasho tu. Darasa la tano mwalimu alisoma insha yangu mbele ya wote. Walicheka mpaka nikajifunza kuchekesha mwenyewe, angalau wacheke kwa ruhusa yangu. Humu naandika kwa sababu hasomi mtu.
Mpwa kaniona. Kavuta kiti, kafungua daftari. Yeye na karatasi yake tupu, mimi na yangu.
Haya, wewe utakayesoma hapa — wewe ni mimi wa kesho asubuhi, hakuna mwingine — tupatane. Mimi leo naiandika, hata iwe mbovu, hata mwandiko uwe kama kuku kaparura. Wewe unaipeleka bila kuisoma. Ukiisoma utaichana, nakujua.
Umekubali? Tia dole hapa.